Mguu wa Kushoto wa Ngaramtoni

Kijiwe chetu kipo Daraja Mbili, kwenye kona ambayo barabara ya vumbi inakutana na ya lami, chini ya bati nililoliweka mimi kwa ajili ya wateja wangu wa viatu, wenzangu wakalitaifisha kwa ajili ya midomo yao. Benchi ni ubao mmoja mrefu juu ya matairi mawili ya lori. Mimi ni fundi viatu, naitwa Stanley, lakini ukiniulizia kwa jina hilo hutanipata; ulizia Soli. Mwisho wa benchi hukaa Nelson, maarufu kama Refa, ambaye amechezesha mechi moja tu maishani mwake, na hakuimaliza kwa sababu alikimbizwa na mashabiki wa timu zote mbili. Katikati hukaa Bariki, fundi simu, tunamwita Google kwa kuwa anajua kila kitu na nusu yake si kweli. Tajeu hakai. Yeye ni Mwarusha wa Kisongo, mlinzi wa nyumba yenye geti jeusi ng'ambo ya barabara, na anasema ubao wetu unamletea usingizi. Anayetuweka hai wote ni Mama Hope, na jiko lake, na birika lake, na kahawa ya shamba la kwao Umeruni anayoikaanga na kuitwanga kwa mkono wake. Miaka tisa nimekunywa kahawa ile. Siku ninayowasimulia ndiyo niligundua kuwa sijui hata jina alilobatizwa.

Vijiwe vingine vina timu. Sisi tuna mtu, tena mwanamke, tena Mswidi: Tuva Lindeskog. Msicheke. Tuva amekulia Ngaramtoni, baba yake alikuwa fundi wa mabomba ya maji ya kanisa, na aliondoka hapa ana miaka kumi na mitatu, anajua kukamua mbuzi na kutukana kwa lugha tatu. Akaenda kwao kwenye theluji, akaanza na timu ya kijiji, akapanda ligi kuu, akaitwa timu ya taifa akiwa na miaka kumi na tisa, akauzwa Ujerumani, akaumia goti, watu wakasema amekwisha, akarudi. Mechi mia moja arobaini za taifa. Magoli sitini na moja. Mwaka huu, na miaka thelathini na mitano, ametundika daluga, na kijiwe kizima kilivaa uso wa msiba kwa siku tatu. Na magoli yake karibu yote ni ya mguu wa kushoto. Ule mguu ndio umekuwa chakula cha midomo yetu hapa kwa miaka.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, wingu likiwa bado limeukalia mlima Meru, mjadala ulikuwa ni uleule.

Refa: Nasema tena, mguu ule umetengenezwa na uwanja. Uwanja wa Ngaramtoni umeinamia barabara ya Nairobi. Ukicheza pale, mpira wote unaporomokea kushoto. Utafanyaje? Maji hufuata mkondo!

Google: Refa, kamba hizo. Mimi nimesoma. Ule mguu una chuma ndani. Madaktari wa Ujerumani wamemwekea chuma cha ndege.

Mimi: Amefunga na mguu huo kabla hajafika Ujerumani.

Google: Basi walimwekea kwa siri.

Tajeu: Ni maziwa.

Refa: Maziwa gani tena, Tajeu?

Tajeu: Ya ng'ombe wetu. Mtoto wa kizungu akinywa maziwa yetu, yanashuka upande mmoja. Hajazoea.

Refa: Umeona! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndiyo maana yake hiyo!

Haikuwa maana yake hiyo. Refa ana methali kama mimi nilivyo na misumari: anazo nyingi, na anagongelea popote. Mama Hope alikuwa anamimina kimya. Siku zote tukimzungumzia Tuva yeye hunyamaza, nami nilidhani mpira haumhusu.

Google akashtuka na simu yake.

Google: Oya! Oya! Tuva yupo hapa!

Mimi: Hapa wapi?

Google: Arusha! Amekuja kupaona alipokulia. Hii video wamemrekodi jana sokoni Ngaramtoni. Wameandika anaondoka leo, ndege ya saa saba, uwanja wa Kisongo.

Tukajazana juu ya kioo cha simu kama kuku kwenye pumba. Ni yeye kweli, mrefu, nywele fupi, nyuma yake marobota ya mitumba na mafungu ya viazi. Akaanza kuongea, na mimi moyo ukanilegea, maana alikuwa bado na Kiswahili cha mtoto wa darasa la sita wa Ngaramtoni, kile kile alichoondoka nacho.

“Namtafuta Eunike,” alisema. “Nimeuliza kila mahali. Eunike ndiye alinivunja mguu wangu wa kulia tukiwa wadogo. Sijamsahau hata siku moja. Kabla sijaondoka, nataka...”

Hapo mtandao ukakata. Tuva akabaki mdomo wazi, na kile kiduara kikaanza kuzunguka usoni kwake.

Nyuma yetu kikombe kikaanguka. Mama Hope alikuwa amejimwagia kahawa mkononi, na wala hakuutikisa ule mkono. Nitawaambia sasa hivi ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi: Eunike alikuwa yeye. Lakini sisi wanne, mabingwa wa kujua mambo, tulimpa pole ya kuungua tukarudi kwenye simu.

Google: Mtandao umekufa. Angalia, hata meseji haiendi. Mtaa mzima.

Refa: Hatuhitaji mtandao. Mimi nimeshaelewa. Mtu aliyevunjwa mguu, miaka ishirini na mbili hajasahau, amepanda ndege mpaka hapa, anamtafuta aliyemvunja. Hapo kuna fumbo gani? Ni kesi!

Mimi: Kesi ya mguu wa utotoni?

Refa: Kule kwao mguu hauzeeki. Na ameshastaafu, sasa ana nafasi ya kushughulika na adui zake.

Google: Na mguu wa mchezaji una bima. Bima wakishajua nani alivunja, hawakuachi. Huyo Eunike watamtafuta kwa setelaiti. Nawaambia, setelaiti sasa hivi iko hapo juu ya Meru, inasubiri wingu lipande.

Tajeu: Watamkamata?

Google: Watampeleka Sweden. Gereza la kule lina baridi hata ndani ya uji.

Refa: Watampeleka uwanjani kwanza! Watu elfu hamsini, anasimamishwa katikati, wanamwonyesha: huyu ndiye aliyetunyima mguu wa kulia wa Tuva. Fikirieni, kwa mguu mmoja amefunga sitini na moja. Angekuwa na yote miwili? Mia na ishirini na mbili! Huyo Eunike ameiibia Sweden magoli sitini na moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Mimi: Aliyevunjika guu ni Tuva, Refa.

Refa: Basi mkuu ni Eunike. Ndiyo itakuwa kesi yenyewe.

Nilicheka. Naona haya kusema, lakini nilicheka mpaka nikadondosha sindano. Mama Hope alikuwa anafuta vikombe visafi. Alikifuta kimoja, akakiweka, akakichukua tena akakifuta.

Mama Hope: Soli. Hiyo ndege mmesema saa ngapi?

Mimi: Saa saba, mama. Kwani?

Mama Hope: Nauliza tu.

Wakati huo alikuja binti mmoja anachechemea, mkoba begani, kiatu mkononi. Mkanda wa kiatu ulikuwa umeng'oka. Hatukuwahi kumwona.

Binti: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba kwa pamoja, hata Google ambaye hastahili.

Binti: Fundi, nisaidie hiki, nawahi chuo. Naitwa Brenda.

Mimi: Kaa hapo, Brenda, dakika tano. Mama Hope, mpe mgeni kahawa.

Brenda akakaa, mguu mmoja una kiatu, mwingine kaukanyagisha juu ya kipande cha boksi. Refa, ambaye hawezi kuona sikio jipya akalinyima, akamweleza yote: Tuva, mguu, Eunike, bima, setelaiti, uwanja wa watu elfu hamsini. Alimweleza vizuri kuliko ilivyokuwa. Brenda akasikiliza, akapuliza kahawa yake, akanywa kidogo.

Brenda: Samahani wazee wangu. Huyo dada amesema anamtafuta ili amfanyeje?



Refa akavua kofia yake. Google akaitazama simu, kiduara bado kinazunguka. Tajeu akatazama fimbo yake. Mimi nilikuwa na uzi mdomoni, nashukuru Mungu, nikapata kisingizio.

Brenda: Maana nyie mnasema kesi. Yeye amesema kesi?

Google: Hajamalizia.

Brenda: Kwa hiyo hamjui.

Tumekaa kwenye lile benchi miaka mingi na hakuna aliyewahi kutuambia neno hilo. Na ndipo Mama Hope akaweka chini kile kikombe.

Mama Hope: Eunike ni mimi.

Refa akacheka, peke yake, halafu akaacha.

Mama Hope: Mimi ndiye niliyemvunja. Tulikuwa tunacheza uwanja wa shule, wasichana watupu. Alikuwa ananipita kila mara, nikapandwa na hasira, nikaingia na miguu miwili. Nilisikia mlio. Mpaka leo nikivunja kuni naruka.

Mimi: Mama Hope...

Mama Hope: Ngoja nimalize, Soli, nikikatisha sitaanza tena. Bibi yangu, Bibi Aikaeli, alikuwa Mchaga wa Machame aliyeolewa Umeruni. Hakunichapa. Alikwenda mpakani mwa shamba akakata isale. Mnajua isale.

Tulijua. Ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Kwa Wachaga na kwa Wameru, ukimkosea mtu kosa zito unampelekea isale, na akishaletewa isale hawezi kukukatalia msamaha. Kwa kawaida ni jani. Bibi Aikaeli alikata kichwa kizima, na kijiti chake, kwa sababu alisema kosa lenyewe si la jani.

Mama Hope: Nikapeleka kwa wale Waswidi, nimeshika kwa mikono miwili, nalia. Mama yake Tuva akapokea, akasema, oh, asante, ua zuri. Akatia kwenye chupa ya maji akaweka dirishani.

Tajeu: Dirishani?

Mama Hope: Dirishani. Hakujua. Na mimi mtoto wa miaka kumi na minne, ningemfundisha vipi? Nikarudi nikamwambia Bibi, wamelifanya pambo. Bibi akafikiri sana. Akasema, basi isale yako haijajibiwa. Umemchukulia mguu, kampe wa kwako mpaka atembee. Nikawa kila siku nikitoka shule nakwenda pale kwao. Wiki saba. Namletea maji, namshika mkono kwenda chooni, namchekesha. Na tukacheza.

Google: Mlicheza? Na plasta?

Mama Hope: Nilitengeneza mpira wa majani makavu ya mgomba, nikauning'iniza kwenye mti kwa kamba. Tunakaa juu ya ukuta wa kibaraza, yeye anaupiga kwa wa kushoto, unarudi, napiga mimi. Alilalamika kuwa mimi nina miguu miwili, si haki. Nikachukua kanga ya Bibi, nikajifunga mguu wangu wa kulia kwenye kigoda. Tukawa sawa.

Refa alikuwa ameshika kofia yake. Miaka yote ile tumejenga nadharia za miinuko na chuma na maziwa, na jibu lilikuwa linatumiminia kahawa.

Mama Hope: Siku alipofunguliwa plasta mguu wa kushoto ulikuwa moto, unapiga mpira kama rungu. Nilifurahi kuliko yeye. Halafu mama yake akaugua, wakaondoka ghafla, na mimi nilikuwa shambani tunachuma kahawa. Nilirudi nikakuta nyumba imefungwa. Watu wakasema wazungu wamehama kwa sababu ya ule mguu. Nimekaa na hilo miaka ishirini na mbili. Kila akifunga goli mkishangilia hapa, nami nafurahi, naingia nyuma ya jiko nalia. Sijui kama nilisamehewa. Ndiyo hivyo.

Brenda: Mama, sasa si uende ukamwulize?

Mama Hope: Na kama ni kesi?

Brenda: Itakuwa kesi. Lakini utajua.

Nikaona Mama Hope anatazama birika, anatazama barabara. Saa tano ilikuwa inapita. Akavua aproni, akaikunja mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo kama bahasha.

Mama Hope: Siwezi kwenda mikono mitupu.

Tajeu hakungoja aambiwe. Nyumba ya geti jeusi ina ua wa masale kuanzia kona hadi kona, na kazi ya Tajeu ni kuhakikisha hakuna mtu anayegusa hata jani. Alivuka barabara, akachomoa sime, akakata kichwa kizima cha isale na kijiti chake, akarudi nacho amekishika kwa heshima.

Tajeu: Bosi akiuliza, ni mbuzi.

Bajaji ilipatikana. Tulipanda watatu, Mama Hope na Google na mimi. Refa akaachiwa jiko, jambo ambalo tulilijutia baadaye. Tulikuwa tumeshafika kwenye mizani ya barabara ya Dodoma ndipo nikagundua kuwa bado nimeshika kiatu cha Brenda, sindano ikiwa ndani ya ngozi.

Njia nzima Google hakusema uongo hata mmoja. Alishika simu juu akitafuta mtandao, na kila nilipomtazama alitikisa kichwa. Mama Hope alikaa wima, isale mapajani.

Kisongo tulifika saa sita na nusu. Ndege ndogo ilikuwa inapakia mizigo, na mlangoni pale alisimama askari mmoja mpana kama kabati.

Askari: Tiketi.

Google: Mkuu, hatusafiri. Tunataka kumwona Tuva.

Askari: Kila mtu leo anataka kumwona Tuva. Ameshaingia ndani. Rudini nyuma ya kamba.

Google: Mkuu, huyu mama ndiye...

Askari: Nimesema nyuma ya kamba.

Mama Hope hakubishana. Alisogea mbele hatua moja, akanyoosha mikono yote miwili, isale ikiwa juu yake. Yule askari akaitazama.

Askari: Mama, hiyo unampelekea nani?

Mama Hope: Huyo aliye ndani. Ni ya pili. Ya kwanza haikujibiwa.

Askari: Mimi ni mtu wa Kibosho, mama. Isale hairudishwi njiani. Nisubiri hapo.

Akauacha mlango. Sijui kama anaruhusiwa, na popote alipo leo Mungu ambariki.

Tuva alitoka anakimbia. Alifika, akasimama hatua tatu kutoka kwetu, akamtazama Mama Hope kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili.

Tuva: We Eunike! Ulikuwa wapi?

Vile hasa, kama mtu aliyekukosa sokoni asubuhi. Mama Hope akapiga magoti palepale juu ya saruji.

Mama Hope: Tuva, nisamehe mguu wako.

Tuva akapiga magoti naye. Sasa wako chini wote wawili, watalii wanawapita na masanduku. Akaipokea isale kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani, akaanza kucheka na kulia pamoja. Akatoa simu mfukoni, akaisugua kwenye suruali, akamwonyesha. Nami nikachungulia, mniwie radhi, ningefanya nini.

Ilikuwa picha ya dirisha. Nje ya dirisha theluji imejaa mpaka usawa wa kioo. Ndani, kwenye chungu kikubwa, isale imesimama, ndefu kupita mtu, majani yamegusa dari.

Tuva: Ni ileile. Mama aliiweka kwenye maji, ikaota mizizi. Tukaondoka nayo. Kila nyumba niliyohamia nilihama nayo, nilijua tu ni ua la Eunike. Siku moja akanitembelea mama wa Kichaga, tunasali naye kule, nina miaka ishirini na nane. Akaiona, akaniuliza, nani alikuomba msamaha? Nikamwambia, hapana, hilo ni ua. Akanieleza. Eunike, nilikaa chini. Miaka kumi na mitano nilikuwa namwagilia maji msamaha wako, na sijakujibu.

Mama Hope: Hukujua.

Tuva: Niliandika barua tatu kwa sanduku la posta la Bibi.

Mama Hope: Bibi alikuwa ameshafariki. Nami nilishaolewa huku mjini.

Tuva: Jana niliuliza soko zima. Wanamkumbuka Bibi, hakuna anayejua wewe umeolewa wapi. Nilitaka nikuone, nikushukuru.

Mama Hope: Unishukuru nini, na mimi ndiye niliyekuvunja?

Tuva: Wa kulia haukuwahi kupona vizuri. Ningekuwa nao huo tu, ningeishia timu ya kijiji. Huu wa kushoto ulinipa wewe. Nikienda kupiga mpira uliokufa, watu wote wamenyamaza, mimi nilikuwa nakuona wewe juu ya ukuta, umejifunga kanga ya Bibi. Kila mara, Eunike. Asante.

Google alikuwa amegeuka anatazama maegesho. Alisema ni vumbi. Mimi sikuwa na kisingizio cha vumbi, nililia kama mtu mzima anavyolia, kwa pua. Ndipo Tuva akaniona, akaona na nilichoshika.

Tuva: Na huyu baba ameniletea kiatu?

Mama Hope: Huyo ni Soli, fundi wetu. Soli, hicho si cha yule binti?

Nikakitazama. Kilikuwa cha kushoto. Walicheka wale wanawake mpaka yule askari akacheka bila kujua kinachochekwa, na Tuva akaambiwa ndege haitamngoja. Waliandikiana namba. Wakainuana. Tuva akapita mlangoni ameibeba isale wima mbele yake, na askari akampisha kana kwamba anapita mzee wa kanisa.

Tuliporudi kijiweni ilikuwa saa nane. Brenda alikuwa bado pale, mguu juu ya boksi. Chuo kilikuwa kimempita.

Mimi: Mwanangu, nisamehe. Nimesafiri na kiatu chako.

Brenda: Refa alinipa vya kwake. Nikasema nitangoja. Yule dada amesema alikuwa anamtafuta ili amfanyeje?

Nilitaka kumweleza yote, askari na theluji na dirisha. Likatoka neno moja.

Mimi: Amshukuru.

Brenda akafunika uso kwa viganja. Google akaanza kuwasimulia Refa na Tajeu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuongeza kitu, maana hapakuwa na mahali pa kuongeza. Alipomaliza, Refa akatikisa kichwa polepole, akasema:

Refa: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tukatazamana. Ilikuwa imeingia. Methali ya Refa ilikuwa imeingia pale pale inapotakiwa, na sikujua kama anamsema Tuva au Brenda, na hakuna aliyemkosoa.

Mama Hope alikuwa amefunga tena aproni yake. Akainua birika ili atumiminie, akalitikisa, akalifunua. Ndani hapakuwa na kitu. Refa akatazama juu, kwenye bati.

Mama Hope: Refa! Birika zima?

Refa: Wasiwasi, mama. Nilikuwa na wasiwasi nanyi.

Mama Hope akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka vile, kwa sauti, kichwa nyuma. Nikashona tundu mbili za mwisho za kile kiatu, nikamvalisha Brenda mwenyewe, sikutaka malipo. Halafu nikachukua kikombe changu kitupu, nikampelekea kwa mikono miwili.

Mimi: Asante kwa kahawa, Eunike.

Akanitazama. Miaka tisa, asubuhi na mchana, na nikipiga hesabu zote sikumbuki kama niliwahi kulitamka hilo neno la kwanza, achilia mbali la mwisho. Refa akasimama, naye akaleta chake. Google akafuata. Tajeu, ambaye hakai, alikaa kwanza kwenye ubao kama anayejiandaa, akasimama tena, akakipeleka cha kwake.

Tajeu: Asante kwa kahawa.

Mama Hope: Lakini imekwisha.

Tajeu: Ndiyo. Hiyo iliyokwisha.